Kibodi ya Mkono Mmoja

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, halafu mkaniomba niandike machache kuhusu miaka yangu kazini ili wanaoingia sasa kwenye kitengo cha kompyuta wajue kazi hii ilianzaje huku kwetu. Saa nimeshaitundika. Maandishi ndiyo haya. Vyeo sitavitaja, maana vilikuja kwa kusuasua na kuondoka mbio, na mishahara ya wakati ule si kitu cha kumkalisha mtu mzima chini akaandika. Nitaandika habari za vumbi, za vitufe, na za mwanamke mmoja ambaye nilidhani namfundisha kazi.

Nilianza Shinyanga mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye duka la vifaa vya ofisi la Mzee Anverali. Ukoo wake ulikuwa umefanya biashara mjini pale tangu babu yake, na yeye alizungumza Kisukuma kizuri kuliko mimi niliyezaliwa Tinde. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba cha kutengeneza mashine za chapa. Siku yangu ya kwanza alinipa mashine moja mbovu na kitambaa cheupe, akaniambia niifungue yote na nipange kila kipande kwenye kitambaa kwa mpangilio uliotoka. Nilifanya hivyo asubuhi nzima, kwa adabu zote. Nilipomaliza akaja, akatazama, akanisifu, kisha akashika kitambaa pembe mbili na kukikung'uta. Skrubu zikalia sakafuni.

"Sasa irudishe," akasema, akaenda kunywa chai.

Nilimchukia kwa wiki kadhaa. Baadaye nikaja kugundua kwamba mashine ile naiona hata nikifumba macho, na chuki ikaisha yenyewe. Ninyi mnaojifunza kwa kutazama video, mkimaliza jaribuni kuzima simu.

Kompyuta ya kwanza niliyoigusa ilikuwa ya Mzee Anverali huyo huyo. Ilikaa kaunta, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, na wateja walikuwa wakiinamisha vichwa kuichungulia, wengine wakiiamkia kwa utani. Skrini yake ilikuwa ya bluu, maandishi meupe, na haikuwa na picha hata moja. Kila kitu kilifanyika kwa vitufe. Ulipotaka kuhifadhi ulibonyeza hiki, ulipotaka kuchapisha ulibonyeza hiki na kile kwa pamoja, na kama hukumbuki ulikaa ukiitazama na yenyewe ikikutazama. Kipanya tulikiona kwenye vitabu tu.

Katikati ya miaka ile kampuni moja ya utafiti wa dhahabu ilikuja dukani kununua karatasi na ikaondoka na mimi. Walihitaji mtu wa kukaa kambini kwao, upande wa Segese, awatunzie kompyuta, printa na redio ya mawasiliano. Nilifika na begi la nguo na sanduku la vifaa: bisibisi za ukubwa mbalimbali, spiriti, brashi ya kupakia rangi ambayo haijawahi kuona rangi, na pampu ya baiskeli. Walinicheka kwa ile pampu. Wiki moja tu ilitosha. Vumbi la kule ni jekundu, laini, linaingia hata pasipo na tundu, na hakuna kitu kinacholitoa chini ya vitufe vya kibodi vizuri kama pampu ya baiskeli yenye mpira mzima. Baadaye hata wataalamu wa miamba walikuwa wakija kuiazima kwangu kwa heshima.

Ofisi ya uchapaji ilikuwa kontena lililokatwa madirisha, na bosi wa kontena lile alikuwa Mama Holo. Alisomea uhazili Tabora, akafanya kazi miaka mingi kwenye ofisi za pamba, na alipokuwa akichapa, mtu aliyepita nje angedhani mvua ya mawe imeanza. Alikuwa mnene, mweusi wa kung'aa, mpenda kucheka, na hakuwa na uvumilivu na mtu mvivu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumhamisha kutoka mashine ya chapa kwenda kompyuta. Alikubali kwa sharti kwamba mashine yake ya chapa ibaki pale pale mezani.

"Ikae ishuhudie," alisema. "Huyu mgeni wako akizimika mbele ya wakubwa, nisitafute pa kushika."

Mgeni alizimika mara nyingi, maana jenereta letu lilikuwa na tabia zake. Lakini siku moja nilimletea kiprogramu kidogo kilichokuja kwenye disketi moja, na hapo ndipo alipoanza kuipenda kompyuta. Kiprogramu kile kilikaa kimya ndani ya mashine kikisikiliza vitufe. Ungeweza kukifundisha: nikibonyeza vitufe hivi viwili, wewe andika maneno haya yote. Ungeweza pia kukiambia kisimame katikati, kikungojee uandike jina la mtu au la kijiji, kisha kiendelee chenyewe. Nilimfundishia jina la kampuni na anwani yake yote. Akabonyeza. Mistari mitano ikajiandika. Akabonyeza tena, na tena, mpaka ukurasa ukajaa anwani.

"Mtoto huyu anatumwa anakwenda," alisema. "Ongeza mengine."

Mengine yalikuwa mengi. Kila wiki tulipeleka barua kwenye vijiji, kuanzia jirani na kambi mpaka kuelekea Ushirombo, kuwaarifu wananchi kwamba wachorongaji wetu, wale wanaotoboa mashimo marefu ardhini kutafuta dhahabu, watapita na mtambo wao, na kwamba kila mmea utakaoguswa utathaminiwa. Kila mwezi kulikuwa na taarifa ya uchorongaji kwa Kiingereza kwa ajili ya wakubwa, na mihtasari ya vikao. Maneno yalikuwa yale yale, yaliyobadilika ni majina na namba. Nilimpangia njia za mkato kama kitabu cha maelekezo kilivyoshauri: unashikilia kitufe cha amri kilichoko chini kushoto, kisha unabonyeza herufi ya kwanza ya kitu unachotaka. B ni barua, T ni taarifa, M ni muhtasari. Tulikuwa tunajiona tumefika.

Kisha gari lililombeba Mama Holo na wenzake kwenda kwenye msiba wa mwenzetu lilipinduka. Hakuna aliyekufa, na kwa hilo tulimshukuru Mungu. Mama Holo ndiye aliyeumia zaidi. Mkono wake wa kushoto ulibanwa, ukavunjika sehemu mbili, ukafungwa chuma. Aliporudi kambini baada ya kukaa hospitali kwa muda mrefu, vidole vya mkono ule vilikuwa vimenyooka na havikubali kukunjika. Alitusalimia kama kawaida yake, "Mwangaluka!", tukamwitikia, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua pa kuweka macho.

Meneja utawala wetu alikuwa Bwana Mkama. Nataka niseme wazi kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ratiba. Alimwita Mama Holo, akampa pole, akamweleza kwamba kampuni haitamtupa. Atapewa kazi nyepesi: kusimamia chai ya ofisi, kupokea wageni, kutunza vikombe. Kiti cha uchapaji kitatafutiwa mtu mwingine. Mimi nilikuwa pale nikirekebisha redio, nikajifanya siwasikii.

"Bwana Mkama," Mama Holo alimjibu, "nikipokea birika leo, kesho nitakabidhiwa fagio. Nipe muda. Nikishindwa, nitakuambia mwenyewe."

"Muda gani, mama?"

"Mpaka wakubwa waje kuchukua taarifa yao. Taarifa hiyo nitaichapa mimi."

Bwana Mkama alikubali, labda kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kukataa. Mama Holo alipotoka alinipitia pale kwenye redio. Hakutabasamu. "Umesikia," alisema. "Sasa na wewe uko ndani."

Tulianza vibaya. Njia zangu za mkato zilihitaji mikono miwili, mmoja ushikilie chini kushoto, mwingine ubonyeze herufi. Alijaribu kushikilia kwa kiwiko, akabonyeza vitufe vinne kwa mpigo. Alijaribu kwa kidole gumba na kidole kidogo cha mkono ule ule mmoja, kiganja kikamkaza. Mwisho alinituma kwenye stoo ya miamba nimletee kipande cha jiwe, vile vya mviringo vinavyotoka kwenye mtambo, akakiweka juu ya kitufe cha amri kikae kinashikilia. Kilishikilia kweli. Kila herufi aliyogusa ikawa amri. Alitaka kuandika "mtambo", akapata mihtasari miwili, taarifa na barua. Tulicheka mpaka machozi, kisha yeye akaacha kucheka na machozi yakaendelea. Nilitoka nje nikapige pampu yangu.

Jibu lilitoka gereji. Pale kambini, wakati wa chakula cha mchana, madereva walicheza bao, ambalo kwetu Usukumani tunaliita isolo. Mama Holo alikuwa akicheza nao tangu zamani, na walikuwa wakimkubali kwa shingo upande kwa sababu aliwafunga. Siku ile alikuwa anacheza na Masanja, dereva wa lori la maji, mtu mwenye maneno mengi kila anapokuwa mbele. Masanja alikuwa kimya. Nilisimama nikitazama. Mama Holo alichota kete kwenye shimo moja, akazipanda mojamoja kwenye mashimo yanayofuata, na pale ya mwisho ilipoangukia akachota tena, akaendelea kuzunguka. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala mapajani na hakuna aliyeukosa.

Ghafla akasimamisha mkono hewani, kete zikiwa kiganjani.

"Luhende," aliniita, "njoo huku. Unaona mkono wangu unaruka?"

"Hauruki, mama."

"Hauruki. Nikimaliza hapa, la pili liko hapa. Sasa bao lako wewe umelipanga vipi? Shimo moja Kahama, la pili Geita! B iko chini kabisa, T iko juu, M iko chini tena. Nani alikuambia barua inaanza na B?"

"Kitabu, mama."

"Barua inaanza na kichwa," alisema. "Kisha salamu, kisha shauri, kisha kwaheri. Nipangie hivyo, ubavu kwa ubavu, mkono wangu upite ukipanda."

Masanja alitaka kujua kama mchezo umeahirishwa. Mama Holo alimalizia zamu yake, akamfunga, akasimama.

Tulikwenda kontenani tukaitazama kibodi upya. Upande wa kulia kabisa kuna lile kundi la vitufe vya namba, limejitenga, safu juu ya safu. Namba nyingine ziko juu ya herufi, kwa hiyo lile kundi lilikuwa la ziada. Na liko chini ya mkono wa kulia. Nilikitafuta kitabu cha kiprogramu, nikaona kwamba kinaweza kusikiliza kitufe kimoja kimoja bila kitufe cha amri. Tukagawana kazi: mimi nikaondoa kila nilichokuwa nimekipanga, yeye akapanga. Safu ya chini ikawa barua za vijiji. Iliyofuata ikawa taarifa ya uchorongaji, na ya juu yake mihtasari. Kitufe cha kujumlisha ukikibonyeza kwanza, safu zote zinageuka na kuleta maneno ya pili: barua za wilayani, maombi ya mafuta, likizo za watu. Akaanzia kushoto akaenda kulia, akipanda. Kichwa cha barua. Salamu. Wachorongaji wetu watapita katika mashamba ya kijiji cha, hapo mashine inasimama, anaandika jina kwa kidole kimoja, mashine inaendelea. Kwaheri. Barua imekwisha, na mkono umesogea upana wa kiganja tu.

Mwanzoni alikuwa mzito, kisha akawa wa kawaida, na kabla masika hayajaisha alikuwa anatoa barua za vijiji kwa kasi kuliko alivyozitoa akiwa na mikono yote. Sijaongeza chumvi. Kasi yake ya zamani ilikuwa ya vidole, hii ilikuwa ya mpangilio. Bwana Mkama alipita siku moja akamkuta anachapa kwa mkono mmoja huku mashine inamwaga maneno, akasimama mlangoni kidogo, akaenda zake. Birika lilikaa rafu ya juu, likingoja.

Kisha Mama Holo akaitwa hospitali kutolewa chuma mkononi. Alituaga akiwa na furaha, akasema atarudi kabla wakubwa hawajafika. Alipokuwa huko, simu ya redio ikaleta habari kwamba wakubwa wamewahisha safari na wanatua keshokutwa asubuhi. Taarifa ilikuwa imeandikwa kwa mkono na wataalamu, haijachapwa hata ukurasa. Bwana Mkama alishikwa na joto. Kumbe alikwisha kuongea na binti mmoja wa Mwanza, Suzana, mchapaji mzuri aliyehitimu karibuni, na alikuwa amemweka akiba. Akatuma gari usiku huo huo, na asubuhi Suzana akakalishwa kwenye kiti cha Mama Holo. Alikuwa binti mpole, amevaa vizuri, na hakuwa na habari yoyote.

Alianza na majedwali ya sampuli. Na kama mchapaji yeyote aliyefundishwa vizuri, namba aliziandika kwa lile kundi la vitufe vya kulia, maana za juu ya herufi zingemchelewesha. Alibonyeza saba. Kwenye jedwali, chini ya kipimo cha dhahabu, ikajiandika: "Kikao kilifunguliwa na Mwenyekiti kwa kuwakaribisha wajumbe." Akafuta. Akabonyeza mbili. "Tafadhali husika na kichwa cha habari kilichotajwa hapo juu." Alijaribu kutoroka kwa kitufe cha kujumlisha, na shimo la kina kirefu kuliko yote likaombewa likizo ya uzazi. Nilipoitwa nilimkuta Suzana ameondoa mikono yote juu ya meza, analia taratibu, na Bwana Mkama amesimama nyuma yake akiwa amelowa jasho kwapani.

"Luhende," alisema, "futa uchawi huu wote. Sasa hivi. Mashine irudi kama ilivyotoka dukani."

Kulikuwa na kompyuta mbili tu za uchapaji pale kambini. Hiyo, na nyingine ya zamani iliyowekwa stoo ya miamba, ambayo kibodi yake ilikuwa imepoteza kofia ya herufi Z. Nilijua vizuri kinachoombwa. Kufuta ni amri moja. Lakini nikifuta, kiti kimeshapata mwenyewe, na Mama Holo akirudi atakuta vikombe vinamsubiri. Nikasema nitazame kwanza kama inawezekana. Inawezekana sana, na Bwana Mkama hakuwa mjinga. Alikuwa anafungua kinywa tuliposikia lori la maji linaingia. Masanja alikuwa amempa lifti Mama Holo kutoka Kahama.

Aliingia kontenani na bandeji mpya mkononi, kanga mabegani, vumbi usoni. Aliona kiti chake, aliyekikalia, machozi yake, skrini yenye likizo ya uzazi. Suzana alisimama haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, mwanangu, maliza kulia." Kisha akamgeukia meneja. "Wakubwa wanakuja lini?"

"Kesho asubuhi, mama. Walitushtukiza."

"Luhende, futa."

Nilimsogelea nikamwambia kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, kwamba nikifuta amekwisha, kwamba vile vitufe ndivyo vinavyomweka pale. Nilikuwa na hasira naye, sijui kwa nini na yeye. Akanijibu kwa Kiswahili na kwa sauti, kila mtu asikie.

"Nimekwisha wapi? Binti anahitaji namba zake. Futa, ng'wanawane, mwanangu wee, mtoto wa watu afanye kazi."

Nikaandika amri. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Za siku zile zilikuwa na adabu hiyo. Nikajibu ndiyo. Suzana akabonyeza saba, ikaja saba.

Sikuwa nimekata tamaa kabisa, maana nilikuwa na nakala kwenye disketi. Nilikimbia stoo, nikaitoa ile kompyuta ya zamani katikati ya masanduku ya miamba, nikaibeba mpaka kontenani, nikaiweka mezani mahali ilipokuwa mashine ya chapa, nikaipiga pampu, ikawaka. Nikaingiza disketi. Ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena, kisha skrini ikaandika kwamba haisomeki. Nikaifuta kwa shati, nikarudia. Haisomeki. Lile vumbi jekundu. Nilisimama pale na disketi mkononi nikayaona maneno yote yale, safu zote, upande wa kwanza na wa pili, yamekwenda, na aliyeyafuta ni mimi.

Mama Holo alikuwa ameshavuta kiti.

"Hicho kiprogramu chenyewe unacho?"

"Kitupu ninacho."

"Ndicho ninachotaka. Weka, kisha kaa mbali, unanizibia mwanga."

Nikakiweka. Akaweka mkono wa kulia juu ya safu ya chini, kushoto kabisa, akaanza kukifundisha. Kitufe cha kwanza, kichwa. Kitufe cha pili, salamu. Hakutazama karatasi wala dari. Kila alipomaliza safu alipanda ya juu yake. Suzana upande wa pili akawa anachapa majedwali, mwanzoni akiibia kumtazama, baadaye akazama kwenye namba zake. Safu ya taarifa ilipokamilika, Mama Holo aliachana na nyingine, akavuta kurasa za wataalamu, akaanza kupanda taarifa yenyewe: shimo hili lilianzia hapa, likaelekea huku, mwamba ulikuwa hivi. Akisimama kwenye jina, anaandika kwa kidole, anaendelea. Namba zote ziliachwa kwa Suzana. Maneno yote yalikuwa ya Mama Holo. Mimi nilikuwa nahamisha waya wa printa kutoka mashine moja kwenda nyingine na kupanga kurasa, na sijawahi kufanya kazi ya kitoto kwa furaha kama ile.

Jua lilikuwa bado juu ya gereji ukurasa wa mwisho ulipotoka. Bwana Mkama, ambaye mchana wote alikuwa akija mlangoni na kuondoka, sasa aliingia. Alishika taarifa, akaifunua, akaifunga.

"Mama Holo," alisema, "yale maneno yote ulikuwa umeyaandika wapi?"

"Muulize Masanja kete zake huwa anaziandika wapi."

Bwana Mkama alicheka, na sikuwahi kumsikia akicheka kabla. Kisha akasema jambo ambalo namheshimu kwalo mpaka leo. Alisema alifanya haraka, na kwamba angepaswa kumngoja. Suzana akasimama akasema, "Mama, kiti chako hiki." Mama Holo akajinyoosha, akamwambia akae tu.

"Mimi nimeshahama. Huku hakuna Z, lakini majirani ni wazuri."

Wakubwa walikuja, wakachukua taarifa yao, wakaondoka bila kujua chochote, kama ilivyo kawaida ya wakubwa. Suzana aliajiriwa kuwa mchapaji wa pili, na Mama Holo akabaki bosi wa kontena mpaka kampuni ilipofunga kambi. Birika lilishushwa rafuni likawekwa mezani, na tangu wakati huo kila mtu alijitengenezea chai, Bwana Mkama akiwemo. Mimi nilihamia migodini upande wa Geita. Skrini za bluu zikaondoka, madirisha na vipanya vikaja, na kila nilipopewa mashine mpya, kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kupanga vitufe vya kulia, safu kwa safu, kuanzia chini kushoto. Mnanijua. Mlikuwa mkinitania kwamba kompyuta yangu haiibiki, mwizi ataandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji.

Mama Holo alifariki miaka michache iliyopita, nyumbani kwake. Nilikwenda kuzika. Suzana alikuwepo, mtu mzima sasa, ana wajukuu. Tulikaa pamoja kwenye mkeka, akanionyesha, kwa vidole juu ya goti lake, safu ya chini yote bila kukosea. Nililia mbele za watu na sikujali.

Sasa nirudi siku yangu ya mwisho ofisini. Mmoja wenu alikuja kukabidhiwa mashine yangu. Alikuwa na heshima sana. Akasema, "Mzee, hivi vitufe vyako ni vingi, umevijenga miaka yote. Tukuhifadhie nakala kabla hatujasafisha?"

"Futa," nilimwambia.

Akanitazama akidhani sijaelewa. "Vyote, mzee? Vikifutwa havirudi."

"Vyote, mwanangu."

Alisita, lakini akabonyeza. Nikachukua saa yangu ya ukutani nikapanda gari la kurudi Tinde. Asubuhi iliyofuata binti yangu alinipa kompyuta yake ya zamani nijiliwaze nayo. Nilitoa vumbi kwanza. Kisha nikaweka mkono wa kulia kwenye safu ya chini, kushoto kabisa, na wa kushoto nikaulaza mapajani, nikaanza na kichwa cha barua.